Namba Njema Nayo Ikaguliwe



Nianze na sokoni, kwa sababu mambo ya vipimo huko tunayajua sote. Mkulima wa vitunguu akiona gunia limeshonewa kofia juu, ile lumbesa, anajua anaibiwa na atabishana. Mama anayenunua sukari hutupa jicho kwenye mshale wa mizani kabla sukari haijawekwa, aone kama upo kwenye sifuri. Dereva wa bodaboda akifika kituo cha mafuta hutazama kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Hakuna aliyetufundisha haya darasani. Tumeumizwa mara nyingi, tukaelewa kwamba chombo cha kupimia nacho hupimwa.

Sasa nawauliza: karatasi ya majibu ya maji inapoletwa kijijini, ni nani kati yetu amewahi kuuliza mashine iliyotoa ile namba ilipimwa na nani, lini, na kwa kitu gani?

Nimehudhuria mikutano mingi ya kukabidhi visima. Karatasi inasomwa: floraidi 1.3, maji yanafaa kwa kunywa. Watu wanapiga makofi, utepe unakatwa, ngoma inalia. Lakini karatasi ikisomwa kuwa floraidi ni 4.8, hapo maswali huanza. Mkandarasi anauliza sampuli ilichukuliwa na nani. Mhandisi anauliza kama mashine ni nzima. Diwani anataka maji yapimwe tena, na kwingine. Maswali yote hayo ni mazuri na ya haki. Uchungu wangu, ambao umenileta mbele yenu leo, ni kwamba tunayauliza upande mmoja tu. Namba mbaya tunaipeleka mahakamani, namba njema tunaipeleka karamuni. Na kazi yangu ya miaka mingi katika maabara za maji imenionyesha kwamba makosa mengi ya upimaji huzaa namba njema.

Nimechagua floraidi kwa makusudi. Hii ndiyo kemikali inayotusumbua tunaoishi kando ya Bonde la Ufa. Miamba ya volkano inaiachia ndani ya maji ya ardhini, na maji yenye magadi mengi na chokaa kidogo huibeba kwa wingi. Arusha na Meru wanaijua, Manyara, Singida na Shinyanga wanaijua, na ukivuka mpaka, watu wa Nakuru na Baringo wanaijua. Haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukushtua. Kidogo chake husaidia meno, kikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania, kwa kuwa maji yetu mengi ya kaskazini yasingefaulu, tulijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 tangu miaka ya 1970, baadaye tukashuka hadi 4, na sasa tunasimama na wenzetu kwenye 1.5.

Jino la mtoto hutengenezwa ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla hatujaliona. Floraidi ikizidi wakati huo, jino huota na madoa, meupe kama chaki au ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Mtu akiendelea kunywa maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa miaka mingi, mifupa yake inaweza kuanza kuathirika, na yakizidi 10 kuna hatari ya ulemavu. Kwa hiyo namba hii ya floraidi si mapambo ya ripoti. Kosa la leo kwenye maabara utaliona kwenye tabasamu la mtoto baada ya miaka sita au saba, na wakati huo karatasi yenyewe imeshapotea.

Tunaipimaje? Maabara nyingi hutumia elektrodi yenye kipande cha fuwele ya lanthanamu floraidi, iliyobuniwa Marekani na Martin Frant na James Ross mwaka 1966. Ukiitumbukiza kwenye maji, inatoa umeme mdogo sana unaohesabiwa kwa milivolti. Floraidi ikiongezeka mara 10, umeme huo hubadilika kwa milivolti 59 hivi, maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Kwanza unaipa maji ambayo floraidi yake unaijua, kwa sababu umeitia mwenyewe kwa mizani, unaandika milivolti zake, unachora mstari. Hiyo ndiyo kazi ambayo wenzetu wa Shirika la Viwango huiita ugezi: kukilinganisha chombo na kitu kinachojulikana, nacho kimelinganishwa na kingine cha juu yake, hadi ufike kwenye kilo na mita za dunia nzima. Kisha unatumbukiza elektrodi kwenye sampuli ya kijiji na kusoma mahali ilipoangukia kwenye mstari wako.

Tazameni sasa jinsi njia ilivyo nyembamba. Milivolti 1 tu ikipotea, jibu linapotoka kwa karibu asilimia 4. Zikipotea milivolti 4, linapotoka kwa asilimia 14 hadi 17. Maji yenye miligramu 1.7, ambayo yalipaswa kukataliwa, yatasomeka 1.45 na yatapita. Na milivolti 4 zinapotea kwa urahisi: sampuli imetoka kwenye jokofu ikapimwa ingali baridi, elektrodi imezeeka, mpimaji ana foleni ya chupa 60 na hakusubiri namba itulie.

Hayo ndiyo makosa mepesi. Nitawasimulia lililo zito, na ni la kwangu.

Nilikuwa nasimamia vipimo katika maabara moja, sitaitaja. Kulikuwa na kijiji ambacho maji ya kisima chake yalikuwa na floraidi nyingi, wakajengewa mtambo mdogo wa kuipunguza kwa shabu na chokaa, njia iliyoanzishwa India kwenye mji wa Nalgonda. Unatia shabu, unakoroga, mabonge yanashuka chini yakiwa yamebeba floraidi, unachota maji ya juu. Kila mwezi walituletea chupa. Kila mwezi tuliwaandikia: 1.1, au 1.2, au 1.0. Sahihi iliyokuwa chini ya karatasi zile ilikuwa yangu.

Kwenye kila sampuli ya floraidi lazima utie mchanganyiko ambao sisi wa maabara tunauita TISAB. Una kazi tatu. Unasawazisha chumvi ya sampuli zote, unaishikilia asidi mahali pamoja, na una dawa ya kung'oa floraidi iliyoshikwa na metali. Ya tatu ndiyo yenye kisa. Shabu ni chumvi ya aluminiamu, na aluminiamu huikumbatia floraidi kwa nguvu. Elektrodi inaiona ile iliyo huru tu. Iliyokumbatiwa haionekani kabisa, ingawa mtu akinywa maji yale, anainywa yote.

Dawa ile ya kung'oa ilikuwa imetuishia. Tuliagiza, ikachelewa, bajeti ikaisha. Mmoja wetu akatengeneza mchanganyiko bila hiyo dawa, ili kazi isisimame. Aliandika kwenye daftari la vimiminika, kwa mwandiko wake mzuri. Sikulisoma daftari lile.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba ukaguzi wetu wa kila siku ulikuwa ukifaulu. Kila asubuhi tulipima maji ya kujaribia yenye floraidi ya miligramu 1.0 tuliyoitengeneza wenyewe, nayo yalisoma 0.98, 1.02, 1.01. Chati yetu ukutani ilikuwa imenyooka. Ilikuwa lazima inyooke, kwa kuwa maji yale ya kujaribia hayakuwa na aluminiamu hata chembe. Tulikuwa tunaipima maabara kwa maji safi, halafu tunaituma ikapime maji ya shabu.

Binti mmoja, mgeni kazini, ndiye aliyeifumua. Alikuwa amefundishwa chuoni kwamba katika kila sampuli 20 uchague moja, uigawe mara mbili, nusu moja uitie floraidi unayoijua, upime zote mbili, uone kama ulichotia kimerudi. Kikirudi chote au karibu chote, sawa. Alitia miligramu 1.0 kwenye maji ya kijiji kile, ikarudi 0.6. Akarudia, ikarudi 0.6 tena. Akaja mezani kwangu na daftari. "Samahani mzee," akasema, "maji haya yanakula floraidi."

Dawa ilipopatikana tuliyapima upya maji ya mwezi ule. Jibu lilikuwa 2.6.

Nilikwenda mwenyewe kijijini. Nilimweleza mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya kamati ya maji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo dawa iliyowaishia bei yake kiasi gani?" Nikamtajia. Haikuwa nyingi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mngetuambia, tungechanga."

Ndugu zangu, kama leo mtaondoka na jambo moja, liwe hili: kila ukaguzi unalinda mlango wake tu. Ile chati ya ukutani, ambayo wazo lake lilitolewa na Walter Shewhart mwaka 1924 kwa ajili ya kiwanda cha vifaa vya simu huko Marekani, inakuambia kama chombo chako leo ni kile kile cha jana. Unachora wastani katikati, mistari ya onyo umbali wa mikengeuko sanifu miwili, mistari ya kusimamisha kazi umbali wa mitatu. Nukta moja ikitoka nje ya mistari ya mwisho, unafunga mashine. Nukta saba mfululizo zikikaa upande mmoja wa wastani, hata kama zote zimo ndani, unaanza kutafuta kinachozivuta. Ni mlinzi mzuri sana, lakini analinda mlango wa chombo. Mlango wa maji yenyewe, chumvi na metali zilizomo, unalindwa na kule kutia na kurudisha alikofanya yule binti. Mlango wa mkono wa mpimaji unalindwa na sampuli pacha: maji yale yale kwenye chupa mbili, bila kumwambia mpimaji kwamba ni ndugu. Na mlango wa uchafu wa maabara unalindwa na sampuli tupu, yaani maji safi kabisa yanayopitishwa kwenye chupa zile zile, dawa zile zile na mikono ile ile, ili tuone kama yatatoka na kitu ambacho hayakuingia nacho.

Kuhusu mlango huu wa mwisho, wako waliopotea wengi na wakubwa kuliko sisi. Clair Patterson, mkemia wa Marekani aliyetoa umri wa dunia mwaka 1956, miaka bilioni 4.55, alihangaika kwa miaka na risasi iliyokuwa ikiingia kwenye sampuli zake kutoka hewani, kwenye vumbi, kwenye vyombo, hata kwenye nywele za watu. Alijenga chumba safi kupita vyote, na alipopima maji ya bahari humo ndipo ilipobainika kwamba wataalamu wengi waliotangaza kiasi cha risasi baharini walikuwa wametangaza uchafu wa maabara zao. Hapo kosa lilipandisha namba. Simaanishi basi kwamba kila kosa hushusha. Ila kosa linalopandisha hupata maadui upesi, kwa kuwa lina mtu linayemuumiza pale pale. Linaloshusha hupata marafiki.

Hesabuni nami. Maji ya kisima kirefu yenye chuma hutoka angavu, yakikutana na hewa chuma kinageuka kutu na kuzama chini ya chupa. Mpimaji asiyetikisa akachota ya juu, chuma kimepungua. Metali nyingine zinang'ang'ania kwenye kuta za chupa. Usipotia asidi ya naitriki pale pale kisimani, zinabaki ukutani na maji yanasomeka masafi. Nitrati inayotoka kwenye vyoo vya mashimo ya mijini, sampuli yake ikisafiri siku tatu kwenye buti la basi bila barafu, bakteria wanaweza kuila njiani. Floraidi na aluminiamu nimeshawaeleza. Katika yote hayo hakuna mwizi wala mla rushwa. Ni uzembe mdogo, na haraka, na umaskini wa bajeti, navyo vyote vinamiminika kuelekea ile namba ya kupigiwa makofi.

Na pale ambapo watu wanaipenda namba, hali huwa mbaya zaidi. Mji wa Flint, jimbo la Michigan huko Marekani, ulibadili chanzo chake cha maji mwezi Aprili 2014 ukaanza kutumia mto wake, bila kutia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe. Risasi ikaanza kutoka kwenye mabomba ya zamani. Sheria yao iliwataka wapime nyumba kadhaa, wapange majibu kutoka dogo hadi kubwa, kisha watazame nyumba iliyoangukia asilimia 90 ya safu. Ikizidi mikrogramu 15 kwa lita, hatua zichukuliwe. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015 walipima nyumba 71. Maofisa wa jimbo wakaagiza majibu mawili yaondolewe, moja likiwa la nyumba iliyokutwa na mikrogramu 104. Kila moja lilitafutiwa sababu yake ya kitaratibu. Yalipoondoka, namba ya mji ikashuka chini ya mpaka, ikawa 11. Mji ukatangazwa kuwa salama. Wakazi walikuwa pia wameelekezwa waache bomba limwagike kabla ya usiku wa kupimia, jambo linalosafisha risasi iliyolala kwenye mabomba. Mashine zao hazikuwa na neno. Maabara ilifanya kazi yake vizuri juu ya chupa zilizochaguliwa vibaya. Ilibidi wakazi wenyewe wapeleke chupa zao kwa Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech ndipo ukweli ukatoka.

Hebu jiulizeni: kama sampuli mbili zile zingekuwa za namba ndogo, kuna ofisa ambaye angehangaika kutafuta sababu ya kuziondoa?

Kuna mlango mwingine ambao hakuna chati inayoulinda, nao ni wa kile ambacho hukukipima kabisa. Huko Bangladesh mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili watu waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema. Mwaka 1992 wataalamu wa taasisi ya jiolojia ya Uingereza walifanya utafiti wa maji ya ardhini huko na kupima kemikali nyingi, ila aseniki haikuwamo kwenye orodha yao. Ilikuwamo ndani ya maji. Baadaye mwanakijiji mmoja aliyedhurika alifungua kesi Uingereza, ikafika hadi baraza la juu la rufaa mwaka 2006, akashindwa: majaji walisema wataalamu wale hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake. Huenda sheria ndivyo ilivyo. Mimi kama mkemia nasoma hukumu ile na kuona karatasi iliyoandikwa kemikali nyingi zilizo salama, ikawatuliza watu, kwa sababu msomaji wa kawaida hawezi kujua ni mstari gani haupo. Karibu visima milioni 5 vilikuja kupimwa kwa vifaa vya mkononi, vibaya vikapakwa rangi nyekundu, vizuri kijani. Vifaa vile vilikosea mara nyingi, na familia iliyopakiwa kijani kimakosa haikuwa na sababu ya kuuliza.

Mtaniambia: mzee, haya yote ni gharama. Ni kweli. Sampuli pacha, sampuli tupu, maji ya kujaribia, vyote vinakula dawa na saa za kazi. Nimefanya kazi chini ya wakuu walioona kwamba chupa ya ukaguzi ni chupa iliyopotezwa, kwa kuwa hakuna mteja anayeilipia. Jibu langu ni kwamba mojawapo ya kaguzi zenye nguvu kuliko zote haina bei. Maji yoyote ya asili, ukijumlisha chaji chanya zilizomo, za sodiamu, kalisi, magnesi na potasi, lazima zilingane na chaji hasi, za kloridi, salfeti, bikaboneti na nitrati, maana maji hayana umeme wa ziada. Ni kama daftari la duka, lililoingia na lililotoka. Unahitaji kalamu tu. Pande hizo zikipishana kwa zaidi ya asilimia 5, kuna kipimo kimoja kati ya hivyo ambacho kimekosewa, au kuna kitu hujakipima. Nimepokea ripoti zenye mihuri mitatu ambazo pande zake zilipishana kwa asilimia 30, na hakuna aliyekuwa amejumlisha.

Halafu kuna ukaguzi wa jirani. Kituo kimoja kinatengeneza maji, kinajua kilichotiwa, kinazipelekea maabara nyingi chupa zisizo na majibu. Kila maabara inapima na kurudisha. Katika ukanda wetu wa SADC mpango wa namna hiyo kwa maabara za maji umekuwa ukiratibiwa kutoka Windhoek, Namibia. Unapewa alama ya umbali wa jibu lako na jibu sahihi: ukiwa ndani ya 2, chanya au hasi, umefaulu, kati ya 2 na 3, jitazame, ukifika 3, kuna tatizo. Nawasihi wakuu wa maabara mliomo humu, alama hiyo mbaya ikija msimwite mpimaji ofisini kumgombeza. Akigombezwa mara moja, mara ya pili atampigia simu rafiki yake wa maabara ya jirani walinganishe majibu kabla ya kuyatuma, na hapo fedha yenu ya mpango imekwenda bure.

Ithibati ya ISO/IEC 17025 ni jambo jema na naiunga mkono kwa moyo wote. Inalazimisha maabara kuandika inachofanya na kufanya ilichoandika, na kukubali mgeni aje kukagua. Lakini someni cheti hadi chini. Ithibati hutolewa kwa kipimo, haitolewi kwa jengo. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kloridi na nitrati, isiwe nayo ya floraidi, na muhuri ukawa ule ule juu ya karatasi nzima.

Jambo la mwisho la kitaalamu, nalo nalipigania kuliko yote: ile alama ya kujumlisha na kutoa. Hakuna kipimo kisicho na shaka. Maabara iliyo kweli itakuandikia 1.4, kujumlisha au kutoa 0.2. Maana yake ukweli uko mahali kati ya 1.2 na 1.6, na kwa mpaka wa 1.5 maji yale hatujayajua bado. Viongozi hawaipendi alama hii. Wanataka ndiyo au hapana. Nimeombwa mara nyingi niifute ili ripoti isomeke vizuri, na zamani niliifuta. Sifuti tena. Mahali ambapo shaka inavuka mpaka, sharti maji yapimwe tena kabla ya utepe kukatwa, na watoto wa kijiji wapewe manufaa ya ile shaka, asipewe mkandarasi.

Kwa wanafunzi: jifunzeni kutia na kurudisha kwenye sampuli halisi, msiridhike na maji ya kujaribia. Someni daftari la vimiminika kila asubuhi, kabla hamjasoma chati.

Kwa ninyi mafundi na wanakamati wa maji, ambao ndio niliowaandalia maneno haya: mkirudi makwenu, itoeni ile karatasi ya kisima chenu ndani ya faili. Tazameni kama ina tarehe ya kuchota na tarehe ya kupima, jina la aliyechota, aina ya chupa na njia iliyotumika. Tazameni kama ina alama ya kujumlisha na kutoa, na orodha ya visivyopimwa. Kama maji yenu yanatiwa shabu, andikieni maabara barua mwulize kwa maneno haya haya: je, kwenye maji yetu mlitia floraidi mnayoijua, na ilirudi kiasi gani? Wasipokuwa na jibu, irudisheni karatasi yao hata kama imeandikwa 1.1, na kama kilichowakwamisha ni bei ya dawa, waambieni waseme, mchange.